Ahadi ya Boksi: Mashine ya Atari na Vikorombwezo Vyake

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwenzetu wa Kidato cha Nne 1976 katika mkutano wetu wa mwaka, baada ya taarifa ya mweka hazina. Tumeyachapa kama alivyoyasoma. – Mhariri)



Nafahamu vizuri kwamba kupewa nafasi ya kusema baada ya pilau na kabla ya mpira ni mtihani, kwa msemaji na kwa wasikilizaji pia, na wale walioko karibu na feni nawaombea wasisinzie kabla ya nusu ya hotuba.

Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nieleze kazi yangu ya kuchapa maboksi, kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka nilipostaafu. Nilifikiri sana. Kazi ya kiwanda cha maboksi, ukiieleza yote, ni gundi, visu na makelele. Basi nikaona heri nizungumze juu ya boksi moja tu pamoja na vitu vilivyokuwa vikitiwa ndani yake. Boksi lenyewe liko pale mezani, kando ya birika la chai. Bwana mmoja aliyeniuliza asubuhi kama ni keki, jibu ni hapana.

Hilo ni boksi la mashine ya michezo ya televisheni iitwayo Atari. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977, na tangu 1982 ikajulikana kwa jina la Atari 2600. Baadhi yenu watoto wenu walicheza mashine za namna hii zilizokuja baadaye, kwa hiyo mnajua kanuni yake: mashine moja unaifunga kwenye televisheni, na kila mchezo unanunua peke yake ukiwa ndani ya kaseti ndogo ya plastiki unayoichomeka juu. Mimi niliiona mwaka 1981 mjini Chicago, nilikokwenda kusomea uchapaji. Nilipangishwa chumba katika nyumba ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa pili baada ya chuo.

Niseme kwanza juu ya vikorombwezo, maana watu wengi huvisahau na kumbe ndivyo mtu alivyovigusa kwa mikono. Ulipofungua boksi la 1977 ulikuta mashine yenye ubao wa kuigiza kwa mbele, ili ifanane na samani za sebuleni. Ulikuta fimbo mbili za kuongozea, vifundo viwili vya kuzungusha vilivyofanana na kile cha kutafutia stesheni kwenye redio, kaseti moja ya mchezo wa vifaru na ndege uitwao Combat, na kisanduku kidogo cha kufunga kwenye nyaya za antena. Kisanduku hicho kilikuwa na swichi: upande mmoja televisheni, upande wa pili mchezo. Mama mwenye nyumba alikipenda kuliko vyote, kwa kuwa saa ya taarifa ya habari ilipofika alisogeza swichi bila kugombana na mtu.

Ile fimbo, ndugu zangu, ni kitu cha kusifiwa. Ni kitako cheusi cha mraba, fimbo fupi imevaa mpira, na kitufe kimoja chekundu pembeni. Niliwahi kuifungua kwa bisibisi. Ndani hamna ajabu yoyote: kibao kimoja cha umeme na vifuniko vitano vidogo vya bati jembamba, vinne kwa ajili ya juu, chini, kushoto na kulia, na cha tano ni cha kitufe. Ukisukuma fimbo, bati linabonyea, umeme unapita. Basi. Fundi redio yeyote wa mtaani angeitengeneza. Kilichokuwa kikivunjika mara kwa mara ni plastiki nyeupe iliyofichwa ndani ya ule mpira, hasa kwa watoto waliodhani kwamba ukisukuma kwa nguvu zaidi gari litakwenda mbio zaidi. Vile vifundo vya kuzungusha navyo vilikuwa na ugonjwa wao: vumbi likiingia, kitu kwenye skrini kinatetemeka kama mtu mwenye homa.

Plagi ya fimbo hiyo ilikuwa na matundu tisa, na hapo ndipo penye somo la biashara. Kampuni nyingine ziliifuata. Fimbo ya Atari uliweza kuichomeka kwenye kompyuta ya Commodore 64 ikafanya kazi, ingawa watengenezaji walikuwa wapinzani. Matokeo yake, kukazuka watu wengi wa kutengeneza fimbo za kila aina: kubwa, ndogo, za mkono wa kushoto. Kitu kikiwa chepesi kueleweka na wazi kuunganishwa, hupata ndugu wengi. Sikuona jambo hilo katika vitabu vya chuo, nililiona sakafuni kwa mtoto yule.

Sasa nije kwenye maboksi ya kaseti, ndiko kazi yangu ilikolala.

Mashine ile ilikuwa maskini. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128 tu, ambazo hazitoshi hata kuandikia aya hii ninayowasomea. Vitu vilivyoweza kusogea kwenye skrini kwa wakati mmoja, kwa utaratibu wa kawaida wa chombo chenyewe, vilikuwa vitano: wachezaji wawili, risasi mbili na mpira mmoja. Mengine yote yalikuwa ujanja wa watunga programu. Hivyo mtu mwenye kutengeneza boksi alikuwa na tatizo ambalo mchapaji wa boksi la sabuni hana. Sabuni unaichora ilivyo. Hapa ungechora nini? Viraba vitatu?

Atari waliwaendea wachoraji hodari. Mmoja wao, Cliff Spohn, ndiye aliyeanzisha ule mtindo wa kuchanganya mambo mengi katika picha moja: uso wa dereva, gari, vumbi na bendera, vyote vimeingiliana kama ndoto. Mwingine ni Susan Jaekel, aliyechora boksi la mchezo wa Adventure wa mwaka 1980. Ukilitazama boksi hilo unaona ngome, njia za kupoteana na majoka ya kutisha. Ukichomeka kaseti, shujaa wako ni mraba. Simaanishi mtu mwenye umbo la mraba; namaanisha mraba mtupu. Upanga ni mshale, na majoka, Mungu awasamehe waliosema hivyo kwanza maana ni kweli kabisa, yanafanana na bata.

Je, huo ulikuwa uongo? Swali hili nililibeba chuoni nikaligombania na wenzangu wiki nzima. Mhadhiri wetu mmoja alisema ndiyo, ni uongo, picha lazima ifanane na bidhaa. Mimi nilibisha, na bado nabisha. Nilimwona mtoto yule akicheza Adventure boksi likiwa limesimamishwa karibu na goti lake. Alikuwa akiliangalia boksi, kisha skrini, kisha boksi. Lile boksi pamoja na kijitabu cha maelezo vilikuwa nusu ya pili ya mchezo. Mashine haikuweza kuchora joka, kwa hiyo karatasi ilichora, na mtoto akaunganisha mwenyewe kichwani. Sisi tuliokulia hadithi za bibi gizani tunajua kwamba zimwi halihitaji kuonekana ili uogope kwenda chooni.

Lakini kulikuwa na ujanja mwingine ambao siutetei. Maboksi ya mwanzo yaliandikwa idadi ya michezo iliyomo. Combat ilidai michezo 27. Space Invaders, iliyotolewa kwa mashine hiyo mwaka 1980, ilidai 112. Ukiangalia kwa makini, ni mchezo mmoja uliobadilishwa kidogo kidogo: mara risasi zinapinda, mara ngao zinatembea, mara adui haonekani. Hiyo ni sawa na mama ntilie kutangaza vyakula kumi na viwili, kumbe ni wali maharage kwenye sahani za rangi mbalimbali.

Tena palikuwa na duka kubwa la Sears, ambalo makao yake yalikuwa huko huko Chicago. Waliuza mashine ile ile kwa jina lao wenyewe, na baadhi ya kaseti wakazipa majina mengine na maboksi mengine. Combat kwao ikawa Tank Plus. Air-Sea Battle ikawa Target Fun. Bibi mmoja wa jirani alimnunulia mjukuu wake zote mbili, ya Atari na ya Sears, akidhani ni michezo miwili. Nilikuwepo zilipofunguliwa siku ya Krismasi, na sitaisahau heshima ya yule mjukuu, aliyeshukuru mara mbili.

Jambo jingine: maboksi ya Atari hayakuwa na jina la mtu aliyetunga mchezo. Warren Robinett, mtungaji wa Adventure, alijificha ndani ya mchezo wenyewe: alitengeneza chumba cha siri, na ukikifikia unaliona jina lake limeandikwa. Wenzake wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, waliondoka, na mwaka 1979 wakaanzisha Activision pamoja na Jim Levy. Maboksi yao yalikuwa ya rangi moja iliyokoza, na picha yake iliyakaribia zaidi yale utakayoyaona kwenye skrini. Jina la mtungaji lilichapishwa, na ndani ya kijitabu mtungaji mwenyewe alikuandikia ushauri, na picha yake juu. Kisha wakabuni kikorombwezo ambacho mpaka leo nakiona ni bora kuliko vyote, nacho kilikuwa kipande cha kitambaa. Ukifikisha pointi walizotaja, unaipiga picha televisheni yako, unaituma kwa posta, nao wanakurudishia beji ya kushona kwenye koti. Kwa Pitfall! ya mwaka 1982 zilihitajika pointi 20,000. Mtoto wa nyumba yetu alizifikisha saa nne za usiku, hapakuwa na filamu kwenye kamera, na mama yake alikuwa amelala. Tulikaa zamu kuilinda mashine isizimwe mpaka duka lilipofunguliwa asubuhi.

Nafika mwaka 1982 na 1983, mahali pagumu.

Biashara ilikuwa imenoga mno, na kila mtu aliingia, mwenye ujuzi na asiye nao. Atari walitoa Pac-Man mwezi Machi 1982. Watu walikuwa wameujua mchezo huo kwenye mashine kubwa za madukani, kwa hiyo hapa akili ya mnunuzi haikuwa na kazi ya kujaza. Alikuwa anajua hasa anachokitaka. Kaseti ilipochomekwa, rangi zilikuwa nyingine, njia zilikuwa nyingine, na mashetani yalipepesa kama taa ya kibatari kwa kuwa mashine haikuweza kuyachora yote kwa pamoja. Iliuzwa kwa mamilioni na bado ikawaacha watu na kinyongo. Mwezi Desemba ikafuata E.T., iliyotungwa na Howard Scott Warshaw kwa muda wa majuma matano hivi ili iwahi Krismasi, nayo ikarudi madukani kwa wingi.

Mtoto wa nyumba yetu hakununua hizo. Alikuwa akikoroga theluji kwa koleo kwenye njia za majirani, akakusanya fedha majira yote ya baridi, akanunua kaseti ya kampuni moja ndogo nisiyoitaja. Boksi lilikuwa na chombo cha angani, mwanamke mwenye upanga na sayari tatu. Ndani kulikuwa na mistari miwili na kitu kilichoruka kati yake. Alicheza kwa dakika kumi. Baadaye akalichukua boksi, akakaa nalo kitandani akilitazama, si kwa namna alivyolitazama lile la Adventure. Mama yake alilirudisha dukani, wakaambiwa kaseti iliyofunguliwa hairudishwi. Ndugu zangu, tangu siku ile mtoto yule hakununua tena mchezo wowote kwa kuangalia picha. Alisubiri mwenzake anunue kwanza. Na wenzake nao walikuwa wakisubiri.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu kwa yule mhadhiri. Picha inayozidi bidhaa si lazima iwe uongo, ikiwa bidhaa inaitikia pale mnunuzi anapoiita. Adventure iliitikia: kulikuwa na ngome kweli, funguo kweli, njia za kupoteana kweli, ila zimevaa nguo za kimaskini. Ile ya sayari tatu haikuwa na cha kuitikia.

Mwaka 1983 niliona mapipa madukani, mapipa hasa, yamejaa kaseti zilizouzwa dola 5 au pungufu, ambazo mwaka uliotangulia ziliuzwa kwa zaidi ya dola 20. Wazazi hawakuchagua, nani atalipa bei kamili kwa kizuri ikiwa kibaya kina boksi lile lile? Mwaka huo Atari walipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Mwezi Septemba malori yalipakia shehena ya kaseti kutoka ghala lao la El Paso, Texas, yakaenda kuzimwaga katika jaa la Alamogordo, New Mexico, na saruji ikamwagwa juu. Miaka mingi watu walibishana kama ni kweli. Tarehe 26 Aprili 2014 jaa lilifukuliwa, na kaseti zipatazo 1,300 zikatolewa, E.T. zikiwemo, nyingine na makasha yao yaliyopondeka. Mimi nilizitazama picha zile kwa jicho la kazi. Nikasema, karatasi imekaa chini ya taka miaka thelathini na rangi bado inasomeka! Mchapaji wake alistahili nishani.

Wajapani wa Nintendo walipoleta mashine yao Marekani mwaka 1985, wakianzia New York, walikuta wenye maduka hawataki hata kusikia neno mchezo wa televisheni. Ndiyo sababu walifungasha na roboti ya plastiki na bastola ya mwanga, ionekane ni mwanasesere wa aina mpya. Lakini kilichonigusa mimi ni maboksi yao meusi ya mwanzo: juu yake walichora vile viraba vya kwenye skrini, vimekuzwa. Yaani, hiki ndicho utakachokipata. Wakaongeza muhuri wa ubora, na kampuni za nje zikawekewa mpaka wa michezo mitano kwa mwaka. Masharti hayo yalikuwa ya kibabe, sikatai.

Nilirudi nyumbani 1984 na kufanya kazi hapa hapa. Miaka ya tisini alikuja mteja mwenye redio kutoka nje, redio ya spika moja, akataka boksi lenye picha ya redio ya spika mbili. Nilimweleza habari ya mtoto wa Chicago. Akanisikiliza kwa adabu, akanywa soda yangu, akaenda kuchapisha kwingine. Nisiwafiche: aliuza vizuri miaka miwili mitatu. Kisha alileta redio nyingine, nzuri kwelikweli, ya spika mbili, na watu wakaipita dukani. Alirudi kwangu kuuliza kama naweza kumchorea boksi ambalo watu wataliamini. Tulilichora, tukaiweka picha ya redio kwa ukubwa wake halisi. Ilichukua muda mrefu kuuzika.

Mnaweza kuniuliza, maboksi haya yana faida gani leo? Watoto waliyatupa, ndiyo maana yamekuwa adimu. Kuna mchezo uitwao Air Raid wa 1982 ambao kaseti zake zinajulikana kuwa chache mno. Mwaka 2010 moja iliyokuwa na boksi lake iliuzwa dola 31,600. Kwa hiyo kabla hujachoma takataka za stoo, tazama. Kama unalo boksi la zamani la kitu chochote, usilirekebishe kwa selotepu, gundi yake hugeuka njano na kula rangi. Usiliweke dirishani, nyekundu huanza kufa kabla ya buluu. Wenzetu wa Tanga na Mtwara jihadharini na unyevu, na wote tujihadhari na mende, ambao hula gundi ya boksi kwa hamu kuliko sisi tulivyokula maharage ya bwenini.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Boksi lile pale mezani ni la kwangu, nililinunua Chicago 1983 mashine ilipokuwa rahisi, lakini mashine yenyewe ni ya umeme wa volti 120 na televisheni zetu haziipokei. Kwa hiyo mwanangu ameniazima ile waliyoitoa upya mwaka 2023, iitwayo 2600+, ambayo inapokea kaseti zile zile za zamani na plagi zile zile za matundu tisa. Imeshafungwa kwenye televisheni ya bwalo. Fimbo zangu za zamani mbili ziko tayari, na Combat imechomekwa. Bweni la Mashariki na bweni la Magharibi watoe mtu mmoja mmoja. Kushoto ni kifaru cha kwanza. Nawasihi jambo moja tu: msiivute fimbo kwa nguvu, ile plastiki nyeupe ya ndani haipatikani Kariakoo.